Ngamia kwa Papai: Habari za Mishkaki Yetu Tangu Unguja Hadi Salalah



Wahusika wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba safari hii niandike habari za chakula, nami nimekubali kwa furaha, maana chakula ni mlango wa historia ambao hata kijana asiyependa kusoma huuingia kwa hiari yake. Nimechagua mishkaki, na khasa mishkaki ya nyama ya ngamia, ambayo katika baadhi ya majumba yetu huku Oman imekuwa ada ya sikukuu na ya mikusanyiko ya usiku wa kuamkia Ijumaa.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni mjadala unaozuka kila Idi. Vijana wetu waliozaliwa huku husema mishkaki ni chakula cha Oman, kwa kuwa wanakiona kikichomwa kando ya barabara kila mji wanaopita. Wazee waliozaliwa Unguja hujibu kwamba mishkaki ni ya Forodhani, na kwamba huku tumeikuta imepoteza ladha. Ubishi huo ni wa mzaha, na mara nyingi humalizika pale sinia inapoletwa. Lakini siku moja mjukuu wangu aliuliza swali ambalo halikuwa la mzaha. Alisema: "Babu, kama wazee wetu walitoka Oman wakenda Unguja, kisha wakarudi Oman, mbona nyama yetu ina papai na ya jirani haina?" Waliokuwapo walicheka, ila mimi niliona kuwa mtoto ameuliza habari yetu yote kwa maneno machache. Makala haya ni jibu lake.

Tuanze na ngamia mwenyewe, kwani kwa watu wa pwani yetu yeye ndiye mgeni katika bakuli hili. Ibn Battuta alipoteremka na pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331, alipita kwanza Zaila, akaandika kwamba mji ule ulinuka vibaya kwa samaki na kwa damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona ni afadhali alale chomboni, ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka. Kutoka hapo akafika Mogadishu, akaona watu wenye ngamia wengi mno, wanaochinja kwa mamia kila siku. Kisha akashuka mpaka Mombasa, na huko chakula alichokitaja ni ndizi na samaki. Safari yake iliishia Kilwa. Basi, katika safari moja ya msafiri mmoja, tunaona mahali nyama ya ngamia inapoishia na mahali chakula chetu kinapoanzia. Ngamia ni mnyama wa nchi kavu na yenye joto kali. Unyevu wa visiwani na mbung'o wa misituni haumwachi astawi.

Hata hivyo ngamia hakuwa mgeni kabisa Unguja. Wazee wengi wanamkumbuka ngamia wa kinu cha mafuta, aliyezunguka kutwa akisukuma mti uliosaga simsim. Ngamia huyo alikuwa mfanyakazi. Alikuwa na kazi yake katika mtaa, na watoto walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Kumtia katika chungu hakukumpitikia mtu, kama vile leo dereva asivyofikiri kula gari lake. Kwa hiyo mtu wa Unguja alipokuja huku na kuletewa nyama ya ngamia, kigugumizi chake hakikuwa cha dini, maana nyama hiyo ni halali na inajulikana hivyo. Kilikuwa kigugumizi cha mazoea.

Mishkaki tuliyoijua sisi ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe wengi waliochinjwa mjini walikuwa wametembea mwendo mrefu au wamefanya kazi, na nyama yao ilikuwa ngumu. Mama zetu waliipatia dawa, nayo ni papai bichi. Lilipondwa pamoja na thomu na tangawizi, likapakwa nyama, na nyama ikalainika.

Papai hilo nalo lina safari yake. Mpapai asili yake ni Amerika, na haukujulikana katika Bahari ya Hindi kabla ya mabaharia wa Ulaya kuvuka kwenda bara lile mwaka 1492. Ni Wahispania na Wareno waliosambaza mbegu zake kutoka huko, pamoja na pilipili, ambayo pia ni ya Amerika. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na watu wa Oman waliwatoa katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Miaka hiyo 200 ilikuwa na vita na dhuluma nyingi, lakini baada ya wenyewe kuondoka mimea yao ilibaki, ikaota nyuma ya kila nyumba mpaka hakuna tena aliyekumbuka kuwa ililetwa. Jina lenyewe, papai, tumelipokea pamoja na tunda.

Utendaji wake ni huu. Katika utomvu mweupe wa papai bichi mna kitu kiitwacho papeini, ambacho hukatakata nyuzi za nyama na kuzifanya zilegee. Papai likishaiva nguvu hiyo hupungua sana, ndiyo maana mama zetu walitaka bichi na si bivu, tena wengine waliliponda na ganda lake kwa sababu utomvu umejaa karibu na ganda. Nyama ikiwa baridi papeini hufanya kazi polepole, na kazi yake kubwa huifanya nyama inapoanza kupata moto, kati ya nyuzi 60 na 70 za joto. Moto ukizidi, nguvu hiyo hufa. Kwa hivyo anayedhani kuwa kuongeza saa za kuroweka ndiko kunakolainisha hujikuta na nyama iliyovurugika nje na ngumu ndani. Hayo mama zetu hawakuyasoma katika kitabu, lakini waliyajua kwa mikono yao.

Neno mishkaki nalo linafaa kutazamwa. Katika Kiarabu, shina lake lina maana ya kuchoma kitu kwa kukipenyeza, kama kutunga shanga katika uzi, na huku Oman watu husema mishkak. Kiswahili kililipokea neno hili na kulipa tabia zake, kikalifanya kama mti na miti, mshikaki mmoja na mishikaki miwili, na Unguja tukalikata tukasema mishkaki. Mtu anaweza kusema kuwa neno limetoka Arabuni na chakula pia, lakini si rahisi namna hiyo. Nyama ya kuchomwa juu ya kijiti iko kila mahali palipo na moto na kisu. Mimi naona kuwa kila kilichomo katika mshikaki mmoja kilikuja kwa njia yake. Jina lilipita Arabuni, papai na pilipili zilitoka Amerika, tangawizi ilitoka pande za Asia, na kijiti kilikuwa chelewa ya mnazi wa uani, ile ile tunayofungia fagio. Vyote vilikutana pwani, na pwani ndiko vilikopatanishwa.

Kukutana huko kulizidi nguvu Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Hata baada ya Oman na Zanzibar kutenganishwa kuwa dola mbili mwaka 1861, majahazi hayakuacha kwenda na kurudi. Yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakapanda na kusi yakiwa na boriti, karafuu na nazi. Katika vyombo hivyo watu walikula pamoja na kuigana mapishi, na hakuna aliyeandika nani alimfundisha nani.

Sasa nije kwenye sehemu inayotuhusu sisi. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika. Wengine walikwenda Dar es Salaam na Mombasa, wengine Cairo, Kuwait, Dubai na Uingereza. Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nchi za nje warudi kuijenga nchi, na wengi wa watu wetu waliitika. Sisi tulifika Muscat mwaka 1974, na mwaka 1977 baba yangu alipelekwa Salalah kikazi. Vita vya Dhofar vilikuwa vimemalizika mwishoni mwa mwaka 1975, na mji ulikuwa ukianza kupumua.

Salalah iko kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Muscat, lakini mama yangu aliposhuka pale alisema kwamba ndiyo kwanza amefika nyumbani. Aliona minazi, migomba na mipapai imesimama kama iliyohamishwa kutoka shamba la Unguja. Ibn Battuta naye aliikuta migomba na minazi katika nchi ile miaka zaidi ya 600 iliyopita. Sababu ni upepo. Kusi ile ile iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka pwani yetu huifikia milima ya Dhofar baina ya Juni na Septemba, ikaleta ukungu na manyunyu, na wenyewe huita msimu huo kharif. Papai wenyewe huliita fifai. Mama hakuhitaji kufundishwa neno hilo mara mbili.

Watu wa Dhofar wana ng'ombe wao wa milimani, lakini heshima kubwa ni ngamia. Hupenda kuichoma nyama yake juu ya mawe yaliyokokwa moto mpaka yakawa makali, bila kitu ila chumvi, na pishi hilo huitwa madhbi. Jirani yetu alipochinja ngamia kwa ajili ya harusi ya mwanawe, alituletea fungu kubwa la paja na kipande cha nundu. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Nyama ya jirani hairudishwi, wala haitupwi, na nyumba nzima haikuwa na aliyewahi kuila.

Mama aliitazama, akaibonyeza kwa kidole, akasema, "Hii ni ng'ombe aliyekwenda mbali zaidi." Akaagiza papai bichi. Aliikata nyama vipande vidogo kuliko vile vya ng'ombe, akiukata uzi wake badala ya kuufuata, akairoweka, kisha akatunga vipande vitatu vya nyama na kimoja cha nundu, tena vitatu na kimoja, ili mafuta yashuke juu ya nyama iliyokonda. Baba alipepea seredani. Jirani alipopelekewa sahani yake alikula, akanyamaza, kisha akamwambia baba: "Ndugu yangu, nyama nzuri haihitaji kufichwa." Baba akamjibu, "Sheikh wangu, hatukuificha, tumeizoesha tu." Wakacheka wote wawili, na tangu siku ile kila akichinja alileta fungu, na kila akileta alirudishiwa vijiti. Hakubadili pishi lake wala sisi hatukubadili letu.

Nimeisimulia habari hiyo kwa kuwa miaka ile haikuwa myepesi kwa wengi wetu. Tulirudi katika nchi ya babu zetu tukiwa tunazungumza Kiswahili majumbani, na Kiarabu chetu kilikuwa cha kusitasita. Unguja tulikuwa tumeitwa Waarabu, na huku tukaitwa Wazanzibari. Mtu akiitwa mgeni pande zote mbili hutafuta kitu ambacho hakuna wa kumhoji nacho. Kwa wengi wetu kitu hicho kilikuwa jikoni. Hatukuwa na karafuu za kuonyesha wala nyumba za mawe za kurudia, lakini mkono uliojua kiasi cha papai ulikuwa bado ni mkono wetu.

Wenzetu waliokwenda Uingereza walikuwa na shida nyingine. Papai bichi halikupatikana kwa urahisi katika miji ya baridi, na wengine walijaribu nanasi, ambalo nalo hulainisha nyama likiwa bichi. Nanasi la kopo halifanyi kitu, kwa sababu limekwisha kupikwa na nguvu yake imekufa. Baadaye waligundua madukani chupa za unga mweupe wa kulainishia nyama, na wengi hawakujua kuwa unga huo ulikuwa papeini, yaani utomvu wa papai uliokaushwa. Katika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza utomvu huo nje. Basi huenda mama wa Kiunguja alinunua London, kwa pauni, kitu kilichotoka ng'ambo ya pili ya bahari ya kwao. Kwa unga huo huo, au kwa papai la maduka ya Wahindi, wenzetu wamechoma nyama ya kulungu na hata ya mbuni, wakihakikisha kwanza kuwa imechinjwa kihalali. Nyama hubadilika kila nchi, lakini kinachopakwa juu yake ni kile kile.

Kwa faida ya vijana, na kwa kuwa wengi wameniuliza, naandika hapa namna tunavyofanya nyumbani kwetu.

Chukua kilo 1 ya nyama ya paja la ngamia mchanga, ondoa mishipa yote, na gramu 200 za nundu. Kata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Usiku wa kuamkia siku yenyewe paka thomu punje 6 na tangawizi ya ukubwa wa kidole, vyote vimepondwa, pamoja na kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba, pilipili kwa kadiri ya walaji, na maji ya ndimu 1. Papai usilitie bado. Siku ya pili, saa 3 kabla ya kuchoma, tia vijiko 2 vya chakula vya papai bichi lililopondwa na ganda lake, uchanganye kwa mkono mpaka kila kipande kipate. Ngamia akiwa mkubwa, fanya saa 4. Usizidishe. Chumvi tia mwisho, unapoanza kutunga.

Vijiti viroweke majini ili visiungue. Makaa yaache mpaka yavae jivu jeupe, kwani mwali wa moto huunguza papai kabla ya nyama kuiva. Geuza mara kwa mara. Nyama hii ina utamu mdogo wa asili na ni rahisi kuwa nyeusi nje ingali mbichi ndani, kwa hivyo kata kipande kimoja uhakikishe. Tangu ugonjwa wa MERS ulipotambuliwa mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wasile nyama ya ngamia isiyoiva vyema, na shauri hilo linapatana na mafunzo ya wazee wetu. Pakua kwa ukwaju na kachumbari. Wasiokuwa na uwanja na wanaokaa katika ghorofa zisizoruhusu makaa watumie moto wa juu wa oveni, na wasihuzunike. Papai litafanya kazi yake vile vile.

Ninachohofia si makaa. Ninahofia maneno na mikono. Wajukuu wetu wengi huku hawasemi tena Kiswahili, na hilo si la kumlaumu mtoto, kwani skuli ni Kiarabu, kazi ni Kiingereza, na sisi wenyewe tuliona haya kukisema mbele za watu. Lakini nimeona kuwa mtoto akiwekwa mbele ya bakuli, maneno humjia pamoja na kazi. Anajua kuponda, kuroweka, kutunga, kupepea na kugeuza. Anajua nundu, thomu na papai bichi. Maneno kumi yaliyomo mikononi hudumu kuliko mia moja yaliyoandikwa ubaoni, mradi awepo mtu mzima wa kuyatamka wakati wa kazi. Na watu wazima hao wanapungua kila mwaka. Mapishi ya mama yangu hayakuandikwa popote. Vipimo nilivyovitaja hapo juu nilivipata kwa kumshika mkono kabla hajamwaga, nikapima kwa kijiko kilichokuwa mkononi mwake, naye akinikemea, "Mwanangu, unanichelewesha."

Basi, mjukuu wangu, jibu lako ni hili. Nyama ya jirani haina papai kwa sababu wazee wake walibaki. Nyama yetu ina papai kwa sababu wazee wetu walivuka, wakakaa miaka mingi upande wa pili wa bahari, wakazaa na kuzikana huko, kisha wakarudi. Ngamia ni wa huku na papai ni la kule, na wewe una haki juu ya vyote viwili. Akitokea wa kukuambia uchague kimoja, mkaribishe ale kwanza.

Nawaomba wenzangu wa Muscat, Dubai, London na kwingineko, kila nyumba iandike vipimo vyake vya kuroweka nyama, iwe ya ngamia, ya ng'ombe au ya mnyama mwingine yeyote wa halali, na mji ambamo pishi hilo lilipikwa mara ya kwanza ugenini. Wapelekeeni wahusika wa kitabu hiki kabla ya mwezi wa Shaabani, ili mwakani tuvichape pamoja. Wenye mama na bibi walio hai waanze leo.

Wassalaam.